Filamu 35 za Vugiri, na tatu zilizobaki

Kuanzia Machi 1935 hadi Mei 1937, Vugiri, huko juu Usambara kwa upande wa Korogwe, palikuwa na karakana kamili ya filamu. Kamera zilikuwepo, chumba cha giza cha kusafishia mikanda kilikuwepo, mashine ya kunasia sauti kwenye santuri ilikuwepo, na lori la kubebea projekta na jenereta lilikuwepo. Zilitengenezwa filamu 35. Waliocheza ndani yake ni watu wa nchi hii, na simulizi zake zilinaswa kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za Afrika Mashariki na Kati. Zinazojulikana kubaki ni tatu, nazo zimo katika hazina ya Taasisi ya Filamu ya Uingereza.

Mwulize Mtanzania mpenda sinema historia ya filamu yetu inaanzia wapi. Mwenye umri atakutajia Mzee Kawawa na Muhogo Mchungu. Wa kizazi cha kati ataanzia Arusi ya Mariamu, na kijana ataanza na Kanumba kana kwamba kabla yake palikuwa na giza tupu. Vugiri haitajwi, hata na watu wa Tanga, ambao kwa kawaida hawaachi cha kwao kipite hivihivi.

Ninachokiona katika kisa hiki ni kwamba namna mradi ulivyopangwa tangu siku ya kwanza ndiyo iliyoamua kipi kingedumu na kipi kingekuwa cha kwanza kupotea. Kilichodumu ni picha za watu wakiwa kazini, chini ya uangalizi. Kilichopotea ni maigizo yao na sauti zilizosimulia maigizo hayo. Anayetaka kuitazama Tanganyika ya miaka ya 1930 kwa filamu hana budi kulijua hilo kabla hajabonyeza kitufe cha kuchezesha.

Mkonge, shaba na fedha za Marekani

Jina rasmi la mradi lilikuwa refu: Jaribio la Sinema ya Elimu kwa Wabantu, maarufu kwa kifupi chake cha Kiingereza, BEKE. Aliyelibuni ni J. Merle Davis, Mmarekani aliyeongoza idara ya utafiti wa jamii na viwanda ya Baraza la Kimataifa la Wamisionari. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Davis alichunguza maisha ya wachimba migodi kwenye ukanda wa shaba wa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, na matokeo ya uchunguzi huo yakachapishwa mwaka 1933. Alikuta vijana waliotoka vijijini wanaishi kwenye kambi za migodi, wana mshahara, wana gramafoni, na wanaangalia sinema za wapiga bastola wa Marekani. Kijijini walikotoka hakuna aliyeelewa maisha hayo. Davis akaamini kwamba sinema hiyohiyo iliyokuwa ikiwapeleka watu huko ingeweza kutumika kuziba ufa uliopo kati ya mgodi na kijiji.

Fedha nyingi zilitoka kwa Shirika la Carnegie la New York. Serikali za kikoloni za Tanganyika, Kenya na Uganda ziliunga mkono, na Wizara ya Makoloni ya London ikabariki. Mkuu wa elimu wa mradi alikuwa G. C. Latham, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa elimu ya Waafrika Rhodesia ya Kaskazini. Mkuu wa kazi za uwanjani, yaani kamera, maabara na lori, alikuwa Meja L. A. Notcutt.

Huyu Notcutt ndiye wa kumwangalia vizuri. Hakuwa mwalimu wala mmisionari. Alikuwa meneja wa mashamba Afrika Mashariki, na tangu mwaka 1926 alikuwa ameanza kupima kama sinema ingesaidia kuwafanya vibarua wa mashamba ya mkonge watulie na waridhike. Kwa maneno mengine, mzizi mmoja wa sinema yetu uko kwenye tatizo la bwana shamba: manamba wanakuja, wanafanya kazi, wanachoka, wanatoroka. Jioni haina la kufanya ila pombe na ngoma. Tuwape picha.

Simaanishi kwamba kila kilichotengenezwa Vugiri kilikuwa hila ya mwajiri. Filamu kuhusu malaria ya watoto wachanga ni filamu kuhusu malaria ya watoto wachanga, na mama aliyeitazama angeweza kuondoka na jambo la kumfaa. Lakini anayelipia picha na anayeshika kamera ndio wanaochagua pa kuanzia hadithi. Katika nchi iliyokuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa wa zamani na mikononi mwa Waingereza, huku bei ya mkonge ikiwa imeporomoka kwa mdororo wa dunia, hadithi nyingi zilianzia kwenye kasoro ya Mwafrika: hajui kuweka akiba, hajui kuanika ngozi, hajui kutunza udongo, hajui kujenga choo.

Sauti kwenye sahani

Tukija kwenye ufundi, hapa ndipo kisa kinapoiva.

Mradi ulitumia mkanda wa milimita 16, mwembamba na wa bei nafuu kuliko ule wa milimita 35 wa majumba ya sinema. Kulikuwa na tatizo la lugha. Filamu moja ilitakiwa ionyeshwe kwa Wasambaa na Wazigua wa Korogwe, ambao Kiswahili wanakijua, kisha ipelekwe Buganda, kwa Wakikuyu, kwa Wajaluo, na mpaka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasa, Malawi ya leo. Kuchapa sauti kwenye mkanda wenyewe kungemaanisha nakala tofauti kwa kila lugha, na fedha hazikutosha. Wakachagua njia ambayo Hollywood ilikuwa tayari imeanza kuitupa: picha kwenye mkanda, sauti kwenye santuri. Mkanda ni uleule, unabadilisha sahani tu kulingana na eneo.

Kwa fundi wa kwenye lori hiyo ilikuwa kazi ya kutoa jasho. Anaupitisha mkanda kwenye projekta mpaka fremu ya alama ikae dirishani. Anaweka santuri mezani, anashusha sindano kwenye alama ya mwanzo, halafu anaviondosha vyote viwili kwa pamoja. Vikiondoka sawa, mdomo na maneno vinakwenda pamoja. Mkanda ukikatika, na mikanda ilikuwa inakatika sana, anaunga kwa gundi, na katika kuunga anapoteza fremu kadhaa. Kuanzia hapo picha inatangulia na sauti inabaki nyuma: mzee ameshafunga mlango wake, msimulizi ndiyo kwanza anamwambia aufungue.

Uamuzi huo uliokoa fedha mwaka 1935, lakini ndio uliotenganisha sauti na picha. Mkanda na sahani ni vitu viwili, kila kimoja kina boksi lake, rafu yake, na mtu wake wa kukitupa. Sahani huvunjika, hukwaruzika, huazimwa na hairudi. Filamu iliyopoteza sahani yake ni bubu, hata kama picha imetunzwa vizuri namna gani. Zile simulizi za Vugiri zilikuwa miongoni mwa sauti za mwanzo kabisa za Kiswahili kuwekwa kwenye sinema, miaka michache tu baada ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kuanza kazi yake ya kusanifisha Kiswahili mwaka 1930. Mtafiti wa lugha angetoa nini kusikia mtu wa mwaka 1936 anavyoeleza akiba, kodi, chanjo na mmomonyoko wa udongo kwa watu ambao hawajawahi kuhubiriwa mambo hayo kwa maneno hayo? Kwenye kitabu cha ripoti tunapata muhtasari wa Kiingereza.

Mwizi, kodi na kijana wa mjini

Filamu ya kwanza ilihusu benki ya akiba ya posta. Vibarua wanalipwa mshahara. Mmoja anafukia fedha zake ardhini, mwingine anazipeleka posta. Mwizi anafukua. Wa posta anabaki na chake. Basi.

Ukiitazama kwa macho ya mtengenezaji, haina mushkeli: fundisho moja, watu wawili, mmoja mjinga mmoja mwerevu. Mtindo huo wa mjinga na mwerevu ulitumika katika filamu za kikoloni mpaka ukachakaa. Sasa itazame kwa macho ya kibarua wa mkonge aliyekaa chini mbele ya lile shuka jeupe. Posta iko wapi? Iko mjini, na mjini ni mwendo. Karani wa posta anafunga saa ngapi, na wewe unamaliza kazi saa ngapi? Fedha yenyewe ni kiasi gani baada ya kutoa kodi? Kufukia fedha kulikuwa na mantiki yake: shimo lako haliulizi jina, haliandiki popote kwamba unacho, na haliko mbali. Filamu haikujibu lolote katika hayo, maana haikujua kwamba ni maswali. Ila yaliyomo kwenye maswali hayo ndiyo historia yenyewe ya uchumi wa nchi, na filamu hii tungekuwa nayo leo tungeyaona mengine kwa nyuma ya hadithi: kibanda kimejengwa kwa nini, malipo yanatolewa mezani au mkononi, nani anasimama karibu na meza.

Kulikuwa na filamu ya kodi, iliyoeleza kwamba fedha ya kodi inarudi kwa wananchi kwa njia ya huduma. Kwa familia nyingi za wakati ule, kodi ndiyo iliyomtoa baba nyumbani kwenda kutafuta fedha taslimu mashambani kwa watu. Kulikuwa na filamu ya chai, ya ngozi, ya mmomonyoko wa udongo. Kulikuwa na iliyoitwa Chifu, ambayo jina lake peke yake linatosha kukumbusha kwamba tangu enzi ya Gavana Donald Cameron katika miaka ya 1920, Mwingereza alikuwa anatawala kupitia machifu. Pale Usambara alihitaji zumbe anayeheshimika na anayetii kwa wakati mmoja, jambo ambalo si rahisi.

Halafu kulikuwa na Gumu, hadithi ya kijana wa shamba anayeingia mjini na mji ukamharibu. Hii ndiyo ninayoisikitikia kuliko zote. Haikufundisha kilimo wala choo. Ilikuwa tamthilia, na tamthilia inahitaji mwigizaji: mtu anayejifanya mlevi, mtu anayejifanya tapeli, na kijana anayejua kuonyesha kwa uso kwamba ameshatambua amepotea. Walioigiza hawakuwa na shule ya uigizaji, lakini walitoka kwenye jamii zenye utambaji, vichekesho vya harusini na ngoma za kuigana. Sidhani kama Meja Notcutt ndiye aliyewafundisha kuigiza. Ninavyoona mimi, yeye aliwaambia tu wasimame wapi.

Lori barabarani

Kati ya mwishoni mwa 1935 na mwanzoni mwa 1936 lori lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Rhodesia ya Kaskazini na Nyasa. Hesabu ya mradi ilikuwa watazamaji karibu 80,000. Filamu zilionyeshwa usiku, nje, watu wamekaa chini, na hata waliokaa nyuma ya shuka waliona vizuri tu, ila kila kitu kiligeuka kushoto kulia.

Waandaaji walitaka kujua watazamaji wameelewa nini. Njia yao ya kujua ilikuwa kuwauliza maafisa wa serikali, wamisionari na Wazungu wengine waliokuwepo. Watu wa vijijini nao walitazamwa sana: wanacheka wapi, wanashtuka wapi, wananyamaza wapi. Kutazamwa hivyo si sawa na kuulizwa, na hata walioulizwa, jibu lao limetufikia kupitia kalamu ya mtu mwingine.

Hofu iliyotawala mjadala ule ilikuwa kwamba Mwafrika hawezi kusoma picha inayotembea. Hofu hiyo ilikuwa na majibu tangu zamani. Mwaka 1929 mwanabayolojia Julian Huxley alizunguka Afrika Mashariki na filamu za majaribio, akakuta watazamaji wanazielewa bila shida. Tena pwani watu walikuwa wameshazoea: Zanzibar ilikuwa na jumba la sinema la Royal tangu mwaka 1921, lililojengwa na mfanyabiashara Hassanali Adamjee Jariwalla, na watu wa mitaa ya Ng'ambo walikuwa wanavuka kwenda kutazama picha miaka mingi kabla lori la Vugiri halijawashwa. Wanaotafuta Mwafrika asiyewahi kuona sinema walimpata kwa kwenda mbali na pwani, kisha wakamfanya awe kipimo cha wote.

Nadharia ya mtazamaji asiyeelewa haikufa. Aliyeitilia mbolea zaidi ni William Sellers, bwana afya wa Nigeria aliyekuja kuongoza Kitengo cha Filamu cha Makoloni kilichoundwa mwaka 1939: picha ziende polepole, kusiwe na ufundi wa kukatakata, kila jambo lionyeshwe lote. Na miaka mingi baadaye, mwaka 1962, Marshall McLuhan, msomi wa mawasiliano wa Kanada, akakieneza kisa alichokisimulia profesa John Wilson wa London, kuhusu wanakijiji wa Afrika walioonyeshwa filamu ya usafi wa mazingira. Walipoulizwa wameona nini walijibu: kuku. Watengenezaji hawakujua kama kuna kuku. Wakaukagua mkanda fremu kwa fremu, wakamkuta kweli, anakatiza pembeni ya picha kwa sekunde moja hivi.

Kisa hicho kimesimuliwa vyuoni kama ushahidi kwamba wale watu hawakuelewa filamu. Mimi kila nikikisoma naona waliitazama kuliko mwenye kuipiga. Na tuseme ukweli: afisa wa serikali akija kijijini kwenu kuwaonyesha kwamba nyumba zenu ni chafu, halafu akawauliza hadharani mmeona nini, jibu la kuku lina adabu yake.

Kufunga duka

Fedha za Carnegie ziliisha mwaka 1937. Davis na wenzake walipendekeza kuwe na ofisi kuu London, na vituo vidogo vya filamu katika makoloni. Serikali za Afrika Mashariki zilipoulizwa kama zitachangia, hazikuwa tayari. Sehemu ya sababu ilikuwa uchumi. Sehemu nyingine ni kwamba filamu zenyewe zilionekana za kiwango cha chini, na sishangai, maana timu ndogo ilitengeneza filamu 35 kwa miaka miwili na ushei, ikijisafishia mikanda yenyewe milimani. Notcutt na Latham wakatoa kitabu cha ripoti mwaka huohuo wa 1937, na karakana ikafungwa.

Kitabu kilichapishwa na kinapatikana hadi leo. Filamu hazikuwa na bahati hiyo. Kuna wanaodhani filamu za zamani ziliungua, kwa sababu mkanda wa milimita 35 wa enzi hizo ulikuwa unashika moto kama baruti. Wa milimita 16 haukuwa wa aina hiyo. Huo huoza. Kwenye joto na unyevu plastiki yake inachachuka, inanuka siki, inajikunja, na mwisho picha inajivua kutoka kwenye mkanda. Mkebe ukisahauliwa kwenye stoo ya bati Tanga au Morogoro kwa masika kadhaa, ukija kuufungua pua inajua kabla ya macho.

Zile tatu

Zilizobaki zote ni za mwaka 1936: moja kuhusu mafunzo ya mifugo kwa Waafrika, moja kuhusu minyoo ya safura, na moja kuhusu mashamba ya wakulima katika jaribio la Kingolwira, karibu na Morogoro. Zimeorodheshwa katika katalogi ya mtandaoni ya filamu za kikoloni iliyofunguliwa mwaka 2010, ambayo ina maelezo ya filamu zaidi ya 6,000.

Angalia ni zipi. Mifugo, afya, kilimo. Hakuna Gumu, hakuna mwizi wa akiba. Dhana yangu ni kwamba za aina hii zilidumu kwa sababu zilikuwa na matumizi nje ya kijiji: afisa, mfadhili au mwanafunzi wa utawala wa makoloni angeweza kuonyeshwa London kama uthibitisho wa kazi inayofanyika. Igizo la kijana wa Kiafrika aliyepotezwa na mji lilikuwa na mtazamaji mmoja tu wa maana, naye ni Mwafrika, ambaye hakuwa na rafu ya kulihifadhi.

Basi zitazamwe vipi? Kwa kumtafuta kuku. Filamu ya mifugo imetengenezwa ionyeshe kwamba serikali inafundisha. Na ni kweli, Tanganyika ilikuwa na historia ndefu ya utaalamu wa mifugo, maabara ya Mpwapwa ikiwa imeanzishwa na Wajerumani mwaka 1905. Lakini msomi wa leo ana haki ya kuacha somo na kuangalia mikono. Kijana aliyekulia kwenye boma la ng'ombe anamshika mnyama kwa namna moja, aliyejifunzia darasani anamshika kwa namna nyingine. Katika filamu ya safura, usiishie kwenye choo cha mfano, tazama njia ya kukifikia, imekanyagwa au ina majani. Wenye kamera hawakuyapanga hayo, na ndiyo maana yanaaminika.

Kingolwira inahitaji macho zaidi. Leo jina hilo wengi wanalijua kwa gereza. Mwaka 1936 lilikuwa pia jina la makazi ya wakulima yaliyopangwa na serikali, mfano wa mkulima bora anavyopaswa kuishi. Picha ya namna hiyo, nyumba zimenyooka, shamba limepimwa, familia iko mbele ya mlango, tunaifahamu sana Watanzania, kwa sababu tuliipiga wenyewe tena katika miaka ya 1970 wakati wa vijiji vya ujamaa. Bendera ilishabadilika na nia haikuwa ileile. Lakini aliyesimama nyuma ya kamera aliendelea kuwa mtu wa serikali aliyekuja kuonyesha kwamba mpango unafanya kazi, na aliyesimama mbele ya mlango aliendelea kutoandikwa jina. Ukiziweka picha za vipindi hivyo viwili bega kwa bega utajifunza kuhusu dola yetu mambo ambayo hotuba hazisemi.

Kutoka Gumu hadi Kawawa

Mji unaomharibu mtu wa shamba haukuzikwa Vugiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilitengenezwa Tanganyika filamu za hadithi kwa Kiswahili kwa ushirikiano na kampuni ya Afrika Kusini, ikiwemo Muhogo Mchungu ya mwaka 1952, vichekesho vya mtu wa kijijini aliyeingia mjini na kukutana na wajanja. Mwigizaji mkuu alikuwa kijana mtumishi wa serikali, Rashidi Kawawa, ambaye alicheza pia katika Meli Inakwenda na Chalo Amerudi. Watu walimjua kwa sura kabla hawajamjua kwa siasa. Januari 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika.

Hapo kuna jambo ambalo watunga sera za filamu wa London hawakulitarajia hata chembe. Walitaka sinema ya kumtuliza mtu wa shamba. Sinema hiyo ikamzoesha kijana kusimama mbele ya umati na kuzungumza Kiswahili kinachoeleweka kila kona, na kijana huyo akawa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, kisha wa nchi. Siwezi kusema filamu ndiyo iliyomfanya Kawawa kuwa Kawawa. Lakini katika nchi ambayo magazeti yalisomwa na wachache, sura iliyoonekana kwenye shuka jeupe vijijini ilikuwa mtaji.

Baada ya uhuru Bara haikuruhusu televisheni mpaka mwaka 1994, wakati Zanzibar ilianza kurusha matangazo ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa hiyo miaka 33 ya kwanza ya Tanganyika huru na ya Tanzania Bara, kama ilipigwa picha ya kutembea, imo kwenye mikanda ya filamu: ya serikali, ya Kampuni ya Filamu Tanzania iliyoundwa mwaka 1968, au ya wageni walioondoka nayo. Mikanda hiyo ina maradhi yaleyale ya siki. Vugiri ni jeraha la zamani. Hili la pili bado linatibika, kama vyumba vya baridi vitapatikana na kama mikebe itafunguliwa na kuandikwa kilichomo kabla waliokuwepo hawajaondoka duniani.

Kwa anayetaka kuendeleza kisa chenyewe, karatasi zipo. Mafaili ya Wizara ya Makoloni yako Kew, London, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza. Kumbukumbu za Shirika la Carnegie ziko Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na za Baraza la Kimataifa la Wamisionari zinapatikana SOAS, London. Dar es Salaam kuna Nyaraka za Taifa, ambako barua za serikali ya Tanganyika zinastahili kupekuliwa. Ningeanza na majina: malipo ya waigizaji, wasaidizi wa maabara, madereva, wasimulizi. Mradi uliokula fedha za mfadhili wa Kimarekani lazima uliandika mahali fulani nani kalipwa shilingi ngapi.

Na kuna santuri. Mikanda ikitafutwa, kila mtu anatafuta mikebe, lakini sahani yenye sauti ya Kiswahili ya miaka ya 1930 ni rahisi kuorodheshwa maktaba kama muziki au mahubiri na isifikiriwe tena. Mtu aliye kwenye hazina ya gramafoni, popote alipo, akikutana na sahani isiyo na wimbo, ambayo mtu anaeleza kwa utulivu jinsi ya kuwamba ngozi ya ng'ombe ili ikauke bila mikunjo, asiiweke pembeni.